Mutuele ya Kazi Ikibadilika: Uliza Mbele ya Kutia Sahihi

Ndugu musomaji, wewe unayefanya kazi katika ofisi ya muji, masomoni, bandarini ao kwenye gari la moshi, soma karatasi hii pamoja na bibi yako ao bwana yako. Siku moja wakubwa wa kazi watawaita kwenye mukutano. Watasema: "Bei za hospitali zimepanda. Mupango wa zamani hauwezi tena. Huu hapa mupango mupya." Kiisha karatasi itazungushwa, kila mutu atie sahihi.

Watu wengi wanaangalia jambo moja tu: nitakatwa franka ngapi kwa mushahara? Hilo ni swali zuri, lakini si la kwanza. La kwanza ni hili: siku mutoto atakapougua usiku, nitaombwa feza ngapi mulangoni mwa hospitali?

Mutuele ni nini?

Sisi wote tunajua likelemba. Kila mutu anatoa, na kila mutu anajua siku yake ya kupokea. Mutuele iko karibu vile, lakini siku haijulikani, na heri ule ambaye siku yake haifiki. Mwaka ukipita bila kuugua, usiseme feza yako imepotea. Imemulipia jirani, sawa vile yake itakavyokulipia.

Jambo hili si geni katika inchi yetu. Tangu mwaka 1986, kule Bwamanda, hospitali ilikuwa na mupango wa namna hii. Jamaa nzima iliandikwa pamoja, si ule mugonjwa peke yake. Watu walitoa muchango mara moja kwa mwaka. Mwanamemba aliyetumwa na kituo cha afya alilipa 20 kwa mia tu ya deni la hospitali, na mufuko ulilipa inayobaki.

Sababu gani mupango wa zamani unachoka?

Dawa nyingi na vyombo vya hospitali vinatoka inchi za mbali, na vinanunuliwa kwa dola. Mwaka 2015 dola 1 ilikuwa karibu franka 930. Mwaka 2024 ilipita franka 2,700. Basi, tuseme ulikuwa unatoa franka 4,650 mwaka 2015. Ile ilikuwa dola 5. Ukitoa franka zile zile mwaka 2024, haikufika hata dola 2. Wewe unasema, "Mimi natoa kama zamani." Ni kweli, lakini mufuko unapokea kidogo kuliko zamani.

Njia tatu za kuziba shimo

Tufanye hesabu ya mufano. Mutuele iko na jamaa 100. Kila jamaa inatoa franka 10,000 kwa mwezi, jumla 1,000,000. Sasa hospitali inaomba 1,200,000. Kunakosa 200,000. Nani atazitoa?

Njia ya kwanza: kuongeza muchango. Kila jamaa inaongeza 2,000. Inauma kidogo, na inauma wote.

Njia ya pili: kuongeza sehemu ya mugonjwa. Muchango haupandi. Lakini kama jamaa 10 zimeugua mwezi ule, kila moja inatoa 20,000 zaidi, na inazitoa siku ile ile ambapo baba hakufanya kazi na mama hakuenda soko.

Njia ya tatu: kutoa kazi fulani katika mupango, kwa mufano kupasuliwa. Hapo mama mumoja akishindwa kuzaa, jamaa yake peke yake itabeba deni lote.

Kwenye mukutano, njia ya pili na ya tatu zinapendeza, sababu mushahara haukatwi zaidi. Watu wanapiga makofi. Lakini muzigo haukuondoka. Umehamishwa tu kwa ule asiyekuwa na nguvu ya kuubeba.

Sisemi mugonjwa asilipe hata kidogo. Sehemu ndogo ni sawa. Sehemu kubwa inafanya watu wakawie nyumbani, na kukawia ndiko kunaua.

Nilimuona baba mumoja mwenye karti ya mutuele mufukoni. Mupango wake mupya ulimuomba alipe nusu. Mutoto akashikwa na homa. Baba akasema, nitangoja mushahara. Mutoto alifika kwetu siku ya 4, viganja vyake vyeupe kabisa. Malaria ilikuwa imemaliza damu. Usiku ule ule mujomba wake alitoa damu, na mutoto akapona. Lakini angalia hesabu. Dawa ya siku ya kwanza ni bei ndogo. Kitanda, sindano na damu vilikula feza ya miezi mingi, na nusu yake ililipwa na ule mufuko uliotaka kupunguza gharama.

Wazima wakitoka

Wengine wanasema, "Mimi siugui, natoka." Turudi kwa hesabu yetu. Jamaa 20 zenye afya zikitoka, mufuko unapokea 800,000. Deni la hospitali halipunguki sana, sababu wale hawakuwa wanaugua. Sasa kunakosa karibu 400,000, ni kusema 5,000 kwa kila jamaa iliyobaki. Wakisikia vile, wengine tena wanatoka. Mwisho wanabaki wagonjwa peke yao, na mufuko unakufa.

Inchi jirani wanafanya namna gani?

Katika Tanzania, tangu mwaka 2001, mutumishi wa serikali anatoa 3 kwa mia ya mushahara wake, na serikali inaongeza 3. Katika Kenya, zamani mutu wa mushahara wa shilingi 20,000 alitoa 750, na mutu wa 100,000 alitoa 1,700. Tangu Oktoba 2024 kila mutu wa mushahara anatoa 2.75 kwa mia. Basi wa kwanza anatoa 550, na wa pili 2,750. Faida ya namna hii ni mbili: mwenye nguvu anabeba zaidi, na mushahara ukipanda, muchango unapanda nao.

Usisahau deni la mwenye kazi

Sheria ya kazi ya Kongo, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema mwenye kukupa kazi sherti alipe matunzo yako na ya jamaa yako: munganga, dawa na hospitali. Watumishi wa Leta wenye statuti wako na sheria yao, ya mwaka 2016. Kwa hiyo uangalie. Mutuele inaweza kusaidia mwenye kazi atimize deni lake. Haifai imuondolee deni lile na kuliweka juu yako.

Maswali ya kupeleka mukutanoni

1. Mwenye kazi anatoa ngapi, na sisi ngapi?
2. Mugonjwa atalipa ngapi mulangoni, na kama hana siku ile, atapokelewa?
3. Kupasuliwa, kuzaa, damu na watoto wote, viko ndani?
4. Safari iko ndani? Toka Ubundu mupaka Kisangani ni karibu kilomita 125, na muto haupitiki sababu ya maporomoko. Mama aliyeandikiwa kupasuliwa Kisangani, nani analipa gari ao piki-piki?
5. Bei zikipanda tena, nani atabadilisha muchango: mukutano wa wanamemba, ao mutu mumoja ofisini?
6. Hesabu ya mufuko inasomwa mbele ya wote mara ngapi kwa mwaka?

Kama jibu la swali moja ni "tutaona mbele," omba liandikwe mbele ya kutia sahihi. Si kiburi kuuliza. Feza ni yenu.

Tena, ukiisha kuwa na karti, usiifungie katika sanduku. Homa ikianza leo, mulete mutoto leo.