Akiba Haiozi: Vilengeo vya Chuma kwa Bastola ya Nukta Nyekundu

Mama mwenye busara mjini Kampala haitegemei taa ya umeme peke yake. Mshumaa na kiberiti huviweka mahali ambapo mkono utavifikia gizani. Askari naye yampasa kuifuata busara hiyo anapokabidhiwa bastola yenye kioo cha nukta nyekundu.

Vioo vya namna hiyo vilianza kuuzwa na kampuni ya Aimpoint ya Sweden mwaka 1975. Betri huwasha taa ndogo, na mwanga wake hurudishwa na kioo hadi jichoni kama nukta. Mlengaji huikazia macho shabaha yenyewe, naye huwahi. Lakini betri huisha, kioo hupasuka, na wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, matone ya mvua na ukungu hukifunika.

Hapo ndipo vinapohitajika vilengeo vya chuma, yaani kijiti cha mbele na mwanya wa nyuma. Katika kuvichagua, mambo manne hayana budi kuzingatiwa.

Kwanza ni urefu. Vilengeo vya kawaida ni vifupi, navyo mara nyingi hufichwa na kitako cha kioo. Vinavyofaa ni virefu, vyenye kuonekana sehemu ya chini ya kioo.

Pili ni rangi. Mwanya wa nyuma uwe mweusi mtupu, maana alama nyingi zing'aazo humchanganya mtu aitafutaye nukta moja.

Tatu ni ugumu. Bastola nyingi za Glock hutoka kiwandani zikiwa na vilengeo vya plastiki; vya chuma cha pua huhimili zaidi kugongwa.

Nne ni ala. Vilengeo virefu vyaweza kukwama, kwa hiyo ala ijaribiwe kwanza, bastola ikiwa haina risasi.

Baada ya fundi wa silaha kuvifunga, vilengeo virekebishwe uwanjani nukta ikiwa imezimwa, na mazoezi ya namna hiyo yarudiwe mara kwa mara. Katika msongamano wa soko la Owino, risasi iliyokosa shabaha haiishii hewani. Yaweza kumpata mchuuzi au mtoto aliyebebwa mgongoni. Askari aliyejizoeza kulenga bila nukta huyalinda maisha yao pamoja na yake.