Mizani ya Kisima na ya Shairi
Likizo hii nilimkuta Shela, kisiwani Lamu, kijana wetu asomeaye uhandisi wa mazingira, akiteremsha kamba visimani kupima kina na chumvi. Mvua inywewayo na milima ya mchanga, alinieleza, huelea juu ya maji ya bahari yaliyo mazito zaidi. Kila mita 1 ya maji matamu juu ya usawa wa bahari ina kama mita 40 chini yake. Pampu ikiishusha hiyo 1, hatimaye chumvi hupanda hizo 40. Nikakumbuka Surat al-Furqan, itajapo maji mawili na kizuizi baina yao.

Usiku kijana hutunga mashairi, mizani 16 kila mshororo. Basi mizani aijua. Wenye pampu na wachimba mchanga, msikizeni! Mola amjaalie.