Je, Wajua? Protini Hustahimili Joto Ndani ya Kioo

Ute wa yai ukichemshwa huganda na kuwa mweupe, kwa sababu protini zake zilizokunjika kwa mpangilio maalumu hukunjuka na kushikamana. Hata zikipoa, hazirudi zilivyokuwa. Lakini protini iliyofungiwa ndani ya kioo cha silika chenye vitundu vidogo mno hukosa nafasi ya kukunjuka.

Kioo hiki hakiyeyushwi tanuruni. Hutengenezwa katika joto la kawaida la chumba: kimiminika chenye silikoni huchanganywa na maji, kikawa rojorojo, kisha kikakauka. Mwaka 1992 wanasayansi wa Marekani walionyesha kwamba mayoglobini, protini ya misuli, iliyonaswa humo bado iliweza kushika oksijeni, maana molekuli ndogo hupenya vitunduni ilhali protini haitoki. Mwaka 2001 ikabainika kuwa protini moja ya maziwa, alfa-laktalbumini, ilistahimili nyuzi 25 hadi 32 za Selsiasi zaidi ya kawaida yake. Si zote hunufaika: mayoglobini iliyoondolewa hemu, sehemu yake inayoshika oksijeni, ilikunjuka humo humo.

Linalotia moyo zaidi ni matumaini ya kulinda chanjo dhidi ya joto. Nyingi lazima zitunzwe kati ya nyuzi 2 na 8, sharti gumu kwa zahanati isiyo na umeme wa uhakika. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, walifunika kwa silika protini kadhaa, ikiwemo ya chanjo ya pepopunda, wakazipasha hadi nyuzi 100. Silika ilipoondolewa, umbo la protini hizo lilikuwa limehifadhika.