Kalenda ya Kanisa (3): Jumapili za Kijani Mpakani Bunagana

Katika makala mbili zilizopita tulipitia Majilio na Kwaresima. Leo tunaingia katika wiki ambazo wahubiri wengi huzipita mbio kwa kuwa hazina mishumaa, majivu wala maandamano ya matawi: zile wiki za kijani zinazofuata Pentekoste hadi Kristo Mfalme, mwezi Novemba. Kanisani huitwa kipindi cha kawaida. Kwa maoni yangu, hakuna kipindi kinachomlea Mkristo kuliko hicho, na ushahidi wangu ninautoa Bunagana.

Bunagana ni mji mdogo wa mpakani, wilaya ya Rutshuru, Kivu Kaskazini. Ng'ambo ya kizuizi iko Bunagana nyingine, ya Uganda, wilaya ya Kisoro. Saa nane mchana upande wa Kongo ni saa tisa upande wa pili. Saa hubadilika, lakini kwa Mkatoliki anayevuka, Jumapili ni ile ile, Injili ni ile ile, na padre atamkuta amevaa kasula ya rangi ile ile.

Tarehe 12 Juni 2022 ilikuwa Jumapili ya Utatu Mtakatifu. Kesho yake, siku ya kumbukumbu ya Mtakatifu Antoni wa Padua, ambaye waumini humkimbilia wanapopotelewa na kitu, waasi wa M23 waliuteka mji. Maelfu walivuka kwenda Kisoro. Wengi hawakuwa wageni wa njia hiyo: watu walikwisha kukimbia Novemba 2021, wakakimbia tena mwishoni mwa Machi 2022, Kwaresima ikiwa katikati. Na kabla ya hapo mji huo huo ulikwisha kutekwa Julai 2012.

Sasa tuitazame Jumapili iliyofuata, tarehe 19 Juni. Ilikuwa sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo, na kwa kuwa ulikuwa Mwaka C wa masomo, Injili ilitoka Luka sura ya 9. Jua linakaribia kuchwa, umati uko mahali pasipo na kitu. Mitume wanamshauri Yesu awaage watu, waende vijijini wakajitafutie malazi na chakula. Yesu hakubali. Anawarudishia mitume mzigo huo, wawalishe wao, kisha anaagiza watu waketishwe kwa makundi ya watu hamsini hamsini. Mkononi wana mikate 5 na samaki 2.

Hilo ndilo somo lililopangiwa parokia za pande zote mbili za mpaka, siku 6 baada ya Bunagana kuanguka. Hakuna padre aliyelichagua. Mpangilio wa masomo ya Jumapili kwa miaka mitatu, A, B na C, ulitolewa Roma mwaka 1969. Na huko Kisoro, kituo cha Nyakabande kilikuwa na kazi ya namna hiyo hiyo: kupokea watu waliochoka, kuwapanga na kuwalisha.

Tumaini la kalenda ninaliona hapo. Mhubiri akiachiwa ajichagulie somo wakati wa vita, ataangukia kwenye kilio kitupu au kwenye ahadi za ushindi ambazo hana uwezo wa kuzitimiza. Zamu ya masomo humletea neno ambalo hakulitafuta, na siku ile neno hilo lilikuja na kazi ndani yake.

Sisemi kalenda huzuia risasi. Majilio ya mwaka ule yalianza tarehe 27 Novemba. Siku 2 baadaye, katika wilaya hiyo hiyo ya Rutshuru, yalitokea mauaji ya Kishishe. Uchunguzi wa awali wa Umoja wa Mataifa ulisema M23 waliua raia wasiopungua 131 huko Kishishe na Bambo. Anayefundisha kwamba Majilio ni msimu wa furaha tu ajiulize kwanza angewaambia nini wafiwa wale.

Wiki za kijani zina pia shahidi wao, tena wa mpakani. Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma na mwanajumuiya wa Sant'Egidio, alikuwa mtumishi wa Ofisi ya Udhibiti ya Kongo, OCC. Kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa zinazoingia. Alikataa hongo ili asiruhusu chakula kilichoharibika kuwafikia walaji, akatekwa, akauawa Julai 2007, akiwa na umri wa miaka 26. Hakufa akihubiri. Aliuawa kwa sababu ya kazi yake, katikati ya mwaka, kwa kufanya kile alichoajiriwa kukifanya. Tarehe 15 Juni 2025, Jumapili ya Utatu Mtakatifu, alitangazwa Mwenyeheri katika Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya kuta, Roma. Wakati huo Goma yake nayo ilikuwa mikononi mwa M23 tangu Januari.

Kumbukumbu yake huadhimishwa tarehe 8 Julai. Nawaomba wasomaji, mwe Tanga, Kisumu au Bukavu: Jumapili iliyo karibu na tarehe hiyo, itajeni Bunagana katika sala za waumini, na sehemu ya sadaka ya siku hiyo muipeleke Caritas kwa ajili ya waliohama makwao. Wiki ijayo tutamalizia na Kristo Mfalme.