Nguvu ya Mlima kwa Bei ya Spoketi (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ilieleza jinsi injini ndogo ya pistoni moja inavyozaa nguvu. Leo tunaingia gereji. Swali ni lile la kila kijana wa bodaboda hapa Kanazi: nifanye nini pikipiki yangu ipande na mzigo, bila kununua nyingine?

Kwanza tuitazame ardhi yetu. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kutoka ufukweni nchi yote ya Bukoba na Muleba inapanda. Hapo ziwani tu hewa imeshapungua uzito kwa asilimia 11 hivi ikilinganishwa na ya Dar es Salaam, na injini ya kabureta hupoteza takribani kiasi hicho hicho cha nguvu. Boxer BM 150, ambayo kiwanda kinaipa nguvu za farasi 12 kwa mizunguko 7,500 kwa dakika, huku kwetu inabaki na kumi na nusu hivi.

Hata hivyo, zinatosha. Chukua pikipiki ya kilo 120, dereva wa kilo 70 na mikungu ya ndizi ya kilo 150. Ipandishe barabara ya vumbi inayoinuka mita 10 katika kila mita 100, kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa. Gurudumu la nyuma linahitaji nguvu za farasi tatu na kidogo. Ukijumlisha zinazopotea kwenye gia na cheni, hazizidi nne. Injini inazo zaidi ya mara mbili ya hizo.

Mbona basi inazubaa kwenye mlima kati ya Muhutwe na Kamachumu? Kwa sababu farasi wale hupatikana mizunguko ikiwa juu. Gia ya pili ikilemewa na mizunguko ikashuka hadi 2,500 hivi, hata hao wanne hawapo. Dereva anarudi gia ya kwanza: injini inalia, mwendo unakuwa wa mtu anayekimbia. Anarudi ya pili, inakohoa. Hapo ndipo wengi huanza kuibia klachi, na pleti zinaungua kabla ya kilele. Tatizo ni pengo kati ya gia mbili, na dawa yake iko nje ya injini, kwenye spoketi.

Tuseme, kwa mfano, spoketi ya mbele ina meno 14 na ya nyuma 42. Injini inazungusha spoketi ya mbele mara tatu ili gurudumu lizunguke mara moja. Weka ya nyuma yenye meno 45, na mara tatu inakuwa 3.21. Msukumo kwenye gurudumu umeongezeka kwa asilimia 7 katika kila gia, na gia ya pili iliyokuwa ikishindwa kidogo sasa inashika. Gharama yake iko kwenye lami: mizunguko iliyokupa kilomita 80 kwa saa itakupa 75. Kwa mtu anayeshinda akipanda na kushuka vilima na kahawa au ndizi, naona hiyo ni biashara nzuri. Anayebeba abiria wa Bukoba mjini kwa barabara ya lami aiache kama ilivyo.

Hili lilishafanyika mbali na kwetu. Honda walitoa Super Cub mwaka 1958, pikipiki ya cc 50 tu. Herb Uhl, muuzaji wa Boise katika jimbo la Idaho, Marekani, aliifungia spoketi kubwa ya nyuma na tairi za kashata ili wawindaji na wavuvi wapande nayo milimani. Hakuigusa injini. Pikipiki hizo zilinunuliwa sana kiasi kwamba Honda wenyewe wakatoa toleo la milimani, Trail 50, mwaka 1961.

Kuna njia ya bei ndogo zaidi: kupunguza ya mbele kutoka meno 14 hadi 13. Matokeo yanakaribiana, na cheni haihitaji kuongezwa pingili. Lakini spoketi ndogo huikunja cheni kwa ukali zaidi, nayo huisha mapema. Kwa yeyote anayetafuta riziki kwa pikipiki nashauri ya nyuma, na anunue seti nzima pamoja na cheni, kwani meno yaliyochongoka huila cheni mpya kwa muda mfupi.

Sasa yale yasiyofaa. Kutoboa ekzosi kunaongeza kelele. Katika mizunguko ya chini, ambako mlima unakushika, mara nyingi kunapunguza nguvu. Kuondoa chujio la hewa katika vumbi letu jekundu ni kusaga ringi na silinda kwa mchanga. Kuchongesha silinda ili kuweka pistoni kubwa kunaongeza nguvu kweli, lakini pia joto, na kunagharimu kuliko spoketi kadhaa.

Spoketi kubwa inasaidia hata kuteremka, kwa kuwa injini inashikilia gurudumu zaidi gia ikiwa ndani. Haiongezi uimara wa fremu, wala haigeuzi breki za shuu kuwa za diski, kwa hiyo mzigo usiongezwe.

Fundi akimaliza, hesabuni meno pamoja, kisha aache cheni ilegee sentimita 2 hadi 3 katikati. Halafu ijaribu kwenye mlima ule ule, na mzigo ule ule, uliokushinda jana. Ikivuta vizuri lakini plagi ikawa nyeusi, kabureta inamimina petroli kuliko hewa yetu inavyohitaji. Hilo ndilo la sehemu ya tatu.