Jirani wa Chini Anapiga Woofer Hadi Kitanda Chako Kinatetemeka? Soma Hii Kabla Hujashuka na Hasira

Ni Jumamosi, saa nane za usiku. Umelala, ama tuseme umejaribu. Huskii maneno ya wimbo, hata hujui ni ngoma ya nani. Unaskia tu ile dum, dum, dum ikipanda kutoka kwa sakafu, inapita kwa miguu ya kitanda na kuingia kwa mbavu. Glasi iko juu ya stuli inalialia. Mtoi ameamka mara ya tatu. Kama umekaa Pipeline, Roysambu, Zimmerman ama Umoja, hii stori unaijua vizuri kuliko mimi.

Wasee wengi hulalamika kuhusu jirani wa juu, yule wa kuburuta viti na kutembea na viatu ngumu usiku. Huyo ana dawa rahisi: akiweka zulia kwake, wewe wa chini unapumua. Wa chini ndiye noma. Ukitandika zulia zito kwako, atakayefurahia ni yeye, kwa sababu hataskia miguu yako. Woofer yake itaendelea kukupata tu.

Sababu ni hii. Kelele hukufikia kwa njia mbili. Ya kwanza ni hewa: sauti inatoka kwa dirisha lake, inapanda na ukuta wa nje, inaingia kwako kupitia dirisha na yale matundu ya hewa juu yake. Bafu pia ni njia, hasa kama nyumba zote zinapumulia kwa shimo moja la mabomba. Hivyo ndivyo unajua wakigombana wanagombania nini.

Njia ya pili ni jengo lenyewe. Woofer ikikaa kwa sakafu imeshikana na ukuta, inatikisa simiti, na simiti inabeba huo mtetemo hadi kwa nguzo, kuta na slabu unayokanyaga. Hapo ndipo besi inashinda kila mtu. Wimbi la sauti la hertz 50 lina urefu wa karibu mita 7. Kitu kama hicho hakijali pazia lako wala godoro uliloegemeza ukutani. Kinachozuia besi ni uzito, na huwezi kumwaga slabu nyingine kwa nyumba ya kukodi.

Kwa hivyo tafadhali, wachana na trei za mayai. Najua umeona mtu amezibandika kwa ukuta wa studio yake. Trei zinapunguza mwangwi kidogo ndani ya chumba, lakini hazizuii sauti kupita. Zaidi ya hapo, zinashika moto haraka sana.

Kabla utumie hata shilingi, fanya uchunguzi. Ngoma ikipigwa, weka sikio karibu na dirisha, kisha mlango wa bafu, kisha inama hadi sakafuni. Kama dirisha ndilo linapiga kelele zaidi, uko na bahati. Mpira wa kubandika kwa fremu unapatikana hardware na si ghali, na silikoni inaziba nyufa ambazo fundi alikuachia. Mlango wa bafu uufunge, na chini yake uweke kitambaa kilichokunjwa. Lakini usizibe matundu yote ya hewa, hasa kama unapikia jiko la makaa ama gesi humo ndani. Moshi wa makaa umeua watu wakiwa usingizini, na hiyo ni shida kubwa kuliko besi.

Kama sakafu ndiyo inapiga, sogeza kitanda. Besi hujikusanya kwa kona na kando ya ukuta, na wengi wetu tumesukuma kitanda kwa kona ndiyo nafasi ibaki. Kivute hata futi mbili kutoka kwa ukuta, ulale hapo siku moja, uskie tofauti. Chini ya kila mguu weka kipande kinene cha mpira, hata cha tairi kutoka kwa fundi wa akala. Feni ikizunguka karibu na kichwa inafunika kelele ndogondogo, na plagi za masikio za sponji ziko kwa duka la dawa. Besi zitapunguza kidogo tu, lakini maongezi na TV zitapunguza zaidi.

Sasa tuje kwa dawa yenyewe, ambayo watu wanaogopa: kuongea na huyo mtu. Mimi nilikaa miezi minne nikigonga sakafu na ufagio. Unajua jirani alidhani ni nini? Alidhani ninafanya usafi usiku! Siku moja nikampata akianika nguo mchana, nikamwambia, "Boss, si upande kwangu dakika mbili uskie kitu." Tukaacha ngoma ikicheza kwake, tukapanda. Alisimama kwa chumba changu cha kulala, akaangalia mlango wa kabati ukitetemeka, akasema, "Manze, pole. Kwangu hata haiskiki hivi."

Na hakuwa anadanganya. Besi inaweza kuwa nyepesi pale yeye amekaa kwa kochi na iwe nzito kwako. Ndiyo maana kumwambia "punguza sauti" mara nyingi kunaleta vita. Anaona anapiga kawaida. Muombe kitu kidogo chenye kina maana: atoe woofer kwa kona, aiweke juu ya kipande cha godoro kuukuu ama mpira, na ashushe ile knobu ya besi peke yake. Volyumu abaki nayo. Mpate mchana, akiwa hajakunywa na hana wageni, na usianze kwa grupu ya WhatsApp ya ploti, kwa sababu mtu akiaibishwa mbele ya nyumba arobaini hupandisha sauti makusudi.

Kuna wale ambao chini yao si nyumba bali ni biashara. Kinyozi na spika imeangalia barabara, wines, posho mill, ama kanisa la kesha kila Ijumaa. Hapo ongea na lando kwanza, kwa sababu ndiye amewapangisha na ndiye atakosa rent yako ukihama. Asiposhughulika, kumbuka biashara inafanya kazi kwa leseni ya kaunti, na mwenye leseni ana kitu cha kupoteza.

Sheria nayo iko upande wako kuliko unavyodhani. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, zilizo chini ya sheria ya mazingira inayosimamiwa na NEMA, zinaweka kiwango cha ndani ya makazi kuwa desibeli 45 mchana na 35 usiku. Na usiku wao hauanzi saa sita kama watu wanavyosema kwa ngazi. Unaanza saa mbili na dakika moja jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kanuni hizo pia zinaangalia kama kelele inajirudia, iko karibu na makazi, na imeongezwa nguvu kwa mitambo.

Usitegemee programu ya simu kupima, lakini. Desibeli hizo huhesabiwa kwa njia inayopunguza uzito wa besi, na maiki ya simu nayo ni dhaifu kwa sauti nzito, kwa hivyo unaweza kusoma namba ndogo huku kitanda kinacheza. Andika kwa daftari: tarehe, saa ilianza, saa iliisha, ulimwambia nani na akasema nini. Wiki tatu za hivyo, na majirani wawili waliotia sahihi, zitakubeba mbele ya caretaker, chifu ama maafisa wa mazingira wa kaunti. Usiku kukizidi, piga ripoti kituo cha polisi na uitishe namba ya OB.

Na kama umeamua kusare hiyo keja, usilipe deposit ya ile mpya kwa kuiona Jumanne saa nne asubuhi wakati kila mtu ako job. Rudi Ijumaa usiku, usimame kwa ngazi dakika kumi. Ukitoka, msalimie soja wa geti, umuulize nani hukaa chini ya hiyo nyumba, na yule aliyetoka alikuwa amekaa miezi mingapi.