Mgonjwa anayetembea bado ni mgonjwa

Wageni wanaokwenda hospitali kumjulia hali ndugu aliyepasuliwa tumbo jana yake, aghalabu hurudi wamekasirika. Walitarajia kumkuta amelala, wamemkuta kakalishwa kitini. Nesi alimwinua asubuhi akamtembeza mpaka mlango wa choo, mrija wa mkojo ukiwa bado unaning'inia. Na tayari kishatajiwa siku ya kwenda nyumbani. "Wanamfukuza huyo," watasema mashangazi kwenye simu kutoka Tanga au Mombasa, na kundi zima la WhatsApp la ukoo litaafiki kwamba Wazungu hawana huruma.

Hawamfukuzi. Lakini mashangazi nao hawajakosea kwa yote, na hapo ndipo penye maneno. Makala haya ni kwa dada na mama zetu wa hapa Uingereza wanaosubiri kufunguliwa tumbo ili kuondoa uvimbe wa ovari, au waliokwisha kufunguliwa na sasa wako nyumbani wakijiuliza kipi ruhusa na kipi marufuku. Ni vizuri waume nao wakiyasoma.

Kwanza, uvimbe wenyewe. Tunaouzungumzia hapa ni mfuko wa majimaji, au wa kitu kizito zaidi, unaoota kwenye ovari, kile kiungo kinachotunza mayai ya mwanamke. Usichanganywe na fibroidi, ambazo huota kwenye misuli ya kizazi. Mwingi huja na kuondoka ndani ya miezi michache bila mwenyewe kujua. Kwa mwanamke ambaye bado anaona siku zake, mwongozo wa madaktari wa uzazi wa hapa unasema uvimbe wa maji matupu usiozidi sentimita 5 kwa kawaida hauhitaji hata kufuatiliwa. Ukiwa kati ya 5 na 7 unapigwa ultrasaundi kila mwaka. Ukipita 7 ndipo vinapofikiriwa vipimo zaidi au upasuaji. Kwa hiyo daktari anapokwambia "tusubiri", si lazima awe anakupuuza.

Upasuaji nao siku hizi mara nyingi hufanywa kwa matundu madogo. Tumbo hufunguliwa pale uvimbe unapokuwa mkubwa sana, umeshikamana na viungo jirani, au unatiliwa shaka ya saratani, kwa sababu hapo daktari anataka utoke mzima, usipasuke na kumwagikia ndani. Mkato unaweza kuwa wa mlalo chini kabisa, pale penye mstari wa chupi, au wa wima kutoka chini ya kitovu.

Kuna aina moja ya uvimbe inayoleta maneno mengi kwetu: ule unaokutwa na mafuta, nywele, na wakati mwingine meno. Nimesikia ukielezwa kwamba ni kazi ya watu, mwanamke kafanyiwa. Maelezo yake ni rahisi kuliko hayo. Chembe za ovari zinazozaa mayai zina uwezo wa kutengeneza kiungo chochote cha mwili, na chembe moja ikianza kukua pasipo mpango, hutengeneza ngozi, nywele na meno mahali pasipotakiwa. Aina hii huwapata hasa wanawake walio katika umri wa kuzaa, na mara nyingi sana si saratani. Hakuna wa kutafutwa.

Kabla ya kutia sahihi fomu ya ridhaa, uliza swali moja bila haya: nikizinduka, ovari yangu itakuwepo? Wakati mwingine huondolewa uvimbe tu, wakati mwingine ovari nzima. Ukibaki na ovari moja yenye afya, hedhi huendelea na mimba inawezekana. Zikiondolewa zote mbili kabla ya umri wa kukoma hedhi, ukomo huo huingia kwa ghafla, joto na kutokwa jasho usiku vikianza ndani ya siku chache, na hapo mazungumzo ya homoni za kurudishia yafanyike mapema, si baada ya miezi ya mateso. Kama Kiingereza chako hakitoshi kwa mazungumzo hayo, NHS inapaswa kukupatia mkalimani bila malipo. Usimtumie binti yako wa miaka kumi na mbili. Hastahili kubeba maneno hayo, na hata kama anayaelewa, huenda akakupunguzia makali yake kwa huruma.

Sasa turudi kwenye kile kiti kando ya kitanda. Desemba 1809, katika mji mdogo wa Danville, Kentucky, daktari Ephraim McDowell alimfungua tumbo Jane Todd Crawford, mwanamke aliyedhaniwa kuwa na mimba ya pacha iliyopitiliza. Alikuwa amesafiri kiasi cha kilomita 100 juu ya farasi kufika hapo. Nusu kaputi haikuwepo. Etha haikuanza kutumika hadharani kwa upasuaji mpaka 1846. Uvimbe wa ovari uliotoka ulikuwa na uzito wa kama kilo 10. Siku ya tano McDowell alipokwenda kumtazama, alimkuta anatandika kitanda chake mwenyewe, akashangaa. Siku ya 25 mama yule alipanda farasi wake akarudi nyumbani, akaishi mpaka umri wa miaka 78.

Kwa zaidi ya miaka mia iliyofuata, madaktari waliendelea kuwalaza wagonjwa chali kwa wiki nzima na zaidi, wakiamini kitanda ni dawa. Karne ya 20 ilipokaribia kwisha, daktari wa upasuaji wa Denmark, Henrik Kehlet, na wenzake walipanga upya safari nzima ya mgonjwa: asifungishwe njaa muda mrefu, maumivu yatulizwe vizuri, mirija itolewe mapema, anywe na kula mapema, ainuke mapema. Hospitali za Uingereza zinafuata njia hiyo leo. Damu isiyotembea huganda miguuni, na bonge likichomoka kwenda mapafuni linaua. Mapafu yasiyojaa hewa hushikwa na nimonia. Na matumbo yaliyoshikwashikwa wakati wa upasuaji hulala, kisha huamka haraka zaidi mwenyewe akisimama.

Ndiyo maana utaulizwa, pengine na nesi kijana wa kiume mbele ya mama mkwe wako, kama umeshajamba. Mjibu. Hewa iliyonaswa tumboni inaweza kuuma kuliko mshono wenyewe, na kutoka kwake ni habari njema kwamba utumbo umeamka. Hospitali nyingine humpa mgonjwa bigijii atafune ili kuuamsha. Chai ya tangawizi haina ubaya kwa wengi. Dawa za maumivu za jamii ya kodeini, hata hivyo, hufunga choo, kwa hiyo dawa ya kulainisha unayopewa pamoja nazo si ya ziada.

Na hizo dawa za maumivu zimezwe kwa saa zake. Sisi tumelelewa kumsifu mwanamke anayevumilia: hakulia, hakupiga kelele, mwanamke kweli. Kwenye wodi sifa hiyo inagharimu. Asiyemeza dawa hapumui kwa kina kwa kuogopa mshono, hakohoi, hainuki, na matatizo yote niliyoyataja yanamkuta palepale. Ukitaka kukohoa au kucheka, bana mto juu ya tumbo. Ukitaka kuinuka, geukia ubavu kwanza, shusha miguu, kisha jisukume kwa mkono. Usijaribu kuinuka wima kama uliyeamka kwenye usingizi wa kawaida.

Jambo moja hutajwa kwa nadra, nalo linawahusu Waislamu miongoni mwetu. Sindano ndogo za tumboni za kuzuia damu kuganda, ambazo wengi hurudi nazo nyumbani na kujichoma wenyewe, mara nyingi ni enoksaparini, na hiyo hutengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe. Wengi hugundua siku ya tatu kwa kusoma karatasi ya ndani ya boksi, wakaacha kimyakimya. Hilo ndilo la hatari. Ipo dawa nyingine, fondaparinuksi, inayotengenezwa kwa kemikali bila mnyama, ingawa haimfai kila mgonjwa. Uliza kabla ya upasuaji, na muulize sheikh wako pia; maulamaa wengi wanaruhusu kwa dharura pale pasipo na mbadala.

Basi umefika nyumbani, na hapa ndipo mashangazi wanapopata haki yao. Hospitali imekuambia tembea, nawe umetembea. Unaonekana mzima. Mume anakuona umesimama jikoni, watoto wanakuona ngazini, na kufika siku ya nane umeshasukuma kigari cha manunuzi, umekunja nguo za watu watano. Kwetu, mwanamke aliyetoka uzazini alipewa siku arobaini za kutumikiwa. Alikuwepo mama, wifi, jirani, msichana wa kazi. Huku yuko peke yake ghorofa ya tatu, na lifti mbovu. Tumechukua ushauri wa hospitali wa kuinuka, tukaacha desturi yetu ya kutumikia, na matokeo yake ni mgonjwa anayefanya kazi. Hakuna daktari aliyeagiza hivyo.

Ngozi hufunga ndani ya wiki moja au mbili, na mwenye nayo akiiona imekauka hudhani amepona. Chini yake upo utando mgumu unaoshika misuli ya tumbo, nao huchukua wiki nyingi. Hata baada ya wiki 6 haujarudia nguvu zake zote. Ukiuvuta kwa mzigo unaweza kuachia, na miezi baadaye utumbo ukachungulia kwenye kovu kama ngiri. Hiyo ndiyo maana ya wiki 6 za kutonyanyua kitu kizito: ndoo, mfuko wa mchele, sufuria ya pilau, mtoto wa miaka miwili. Mtoto na apande mwenyewe kwenye kochi, akae ubavuni, si tumboni. Kurudia shughuli zote kunaweza kufika wiki 12.

Kukanda je? Maji ya moto na kukandwa tumbo, kama wafanyavyo wakunga wetu baada ya kujifungua, hapana. Mshono hauna faida yoyote na joto wala mkandamizo, na ngozi iliyokufa ganzi kuzunguka mkato inaungua bila wewe kuhisi. Bafu la kusimama linaruhusiwa mapema, kwa kawaida baada ya saa 48; kujilaza kwenye beseni ngoja kidonda kifunge. Kanga tumboni, iliyofungwa kwa wepesi ili kukushikilia unapotembea, haina tatizo. Iliyovutwa na watu wawili ina tatizo. Mtori, uji, supu ya samaki, vyote vije, kidogo kidogo. Dawa za miti shamba zilizotumwa kutoka nyumbani zitajwe kwanza kwa mfamasia, maana nyingine hugombana na dawa za damu. Ngozi zetu pia huelekea kuota makovu manene kuliko ngozi nyeupe. Kovu likianza kunyanyuka na kuwasha, mwone daktari mapema, zipo jeli na plasta za silikoni za kusaidia.

Swala husaliwa kwa kukaa. Funga ya Ramadhani inaweza kulipwa baadaye, na anayekunywa dawa kila saa sita hana sababu ya kujitesa. Tendo la ndoa lisubiri mpaka kidonda kipone na mwenyewe aseme yuko tayari. Wengi hushauriwa kama wiki 6. Kuendesha gari, jipime: je, unaweza kukanyaga breki ya ghafla bila kusita kwa maumivu? Kwa aliyefunguliwa tumbo hilo huwa wiki ya nne hadi ya sita, na kampuni ya bima iulizwe kwanza. Anayetaka kwenda kuuguzwa na mama yake Dar es Salaam asikate tiketi kwa haraka. Saa nane na zaidi za kukaa kwenye kiti cha ndege, wiki chache baada ya upasuaji, ni mwaliko wa damu kuganda. Ni afadhali mama aje.

Homa, mshono unaowaka wekundu au kutoa usaha, tumbo linalozidi kuvimba huku unatapika: piga 111. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, piga siku hiyohiyo. Kifua kikibana au pumzi ikikatika ghafla, piga 999, usiku wa manane iwe au siku ya Idi. Majibu ya maabara ya uvimbe huchukua wiki kadhaa. Yasipofika, piga simu; kimya cha hospitali hakimaanishi kwamba majibu ni mazuri.

Imebaki kazi. Wengi wetu tuko kwenye nyumba za wazee, na kumgeuza mzee kitandani ni mzigo kuliko ndoo yoyote. Siku 7 za kwanza unajithibitishia ugonjwa mwenyewe; baada ya hapo unahitaji cheti, kile ambacho Tanzania tungekiita ED. Kiombe wodini kabla hujaondoka, kwa sababu si daktari wa GP peke yake anayekitoa: tangu Julai 2022 manesi, wafamasia na wataalamu wa viungo pia wanaweza. Malipo ya ugonjwa ya kisheria, kwa anayestahili, hufika hadi wiki 28. Kwenye cheti hicho kuna sehemu isemayo kwamba huenda unaweza kufanya kazi kwa masharti, ikiwa na visanduku vinne: kurudi taratibu, kubadilishiwa saa, kubadilishiwa majukumu, kurekebishiwa mahali pa kazi. Mwombe anayekiandika atie alama panapokuhusu na aeleze wazi kwamba hupaswi kuinua wala kugeuza watu. Meneja akisema hana kazi nyepesi ya kukupa, basi kisheria cheti hicho kinahesabiwa kuwa huwezi kazi, na unabaki nyumbani kwa mapumziko ya ugonjwa bila kuhitaji cheti kingine.